Reiki: uzoefu wangu kitandani na darasani

Anayekufanyia Reiki, tiba kutoka Japani inayodai kupitisha nishati mwilini kwa viganja, hakukandi, hakunyooshi viungo wala hakupaki mafuta. Unalala chali kwenye kitanda cha masaji ukiwa na nguo zako zote, umevua viatu tu, naye anaweka viganja vyake kichwani, mabegani, tumboni, magotini. Kila sehemu anakaa dakika kadhaa bila kusugua. Inakwenda hivyo saa nzima, wakati mwingine saa moja na nusu, na basi. Niliposimuliwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Nimeshaenda mara nyingi tangu hapo, kisha nikachukua mafunzo ya daraja la kwanza, kwa hiyo naweza kuzungumzia pande zote mbili, ya anayelala na ya anayesimama.

Kilichonipeleka ni usingizi. Nilikuwa nikilala saa tano, saa tisa macho yangu yako wazi, na hapo ndiyo basi mpaka alfajiri. Mama aliyenipokea alinihoji kabla hata sijakaa vizuri: nina ugonjwa gani, natumia dawa zipi, nimefanyiwa upasuaji karibuni, kuna sehemu ambayo sitaki iguswe? Akaniambia waziwazi kwamba yeye si daktari, hapimi magonjwa, na nisiache dawa yoyote kwa sababu yake. Maneno hayo yalinituliza kuliko ule muziki uliokuwa ukipiga chinichini.

Akaniwekea mto chini ya magoti na shuka jepesi juu, maana ukilala bila kujitikisa mwili unapoa. Viganja viliposhuka usoni havikunigusa. Vilisimama juu ya macho, karibu kiasi cha kuhisi joto lake kwenye kope. Alipofika tumboni, tumbo likaanza kunguruma kwa sauti ya kuaibisha, naye akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa wengi huwa hivyo. Baada ya hapo sikumbuki mengi, nilipitiwa na usingizi. Nilipoamshwa nilikuwa mzito na mtulivu, na usiku ule nililala vizuri. Usiku wa pili pia. Wiki iliyofuata nikarudia macho yangu ya saa tisa. Nikaenda tena, nikapata nafuu tena, ikapungua tena. Ndivyo inavyokwenda kwangu mpaka leo: napumzika kwelikweli, lakini sijapona.

Mafunzo niliyachukua kwa udadisi. Darasani tulianza na historia, na hapo ndipo ninapomshauri kila anayejiunga asome na kwake pia. Mwanzilishi ni Mikao Usui, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1865. Inasimuliwa kwamba alifunga na kutafakari siku 21 kwenye Mlima Kurama, karibu na Kyoto, akashuka na uwezo huu. Mwaka 1922 aliunda chama chake Tokyo, na akafariki mwaka 1926. Mwanafunzi wake Chujiro Hayashi, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua kliniki. Kliniki hiyo ndiyo iliyompokea Hawayo Takata, mama wa Hawaii mwenye asili ya Kijapani aliyekwenda huko akiwa mgonjwa miaka ya 1930. Akatibiwa, akajifunza, akarudi Hawaii na kuanza kufundisha. Karibu Reiki yote iliyoenea nje ya Japani imepitia mikononi mwake. Alifariki mwaka 1980 akiwa ameandaa walimu 22, na ada ya kufikia ngazi hiyo ya juu aliiweka dola 10,000.

Mwalimu wetu alitusimulia pia kwamba Usui alikuwa Mkristo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Doshisha. Simulizi hiyo ilienezwa na Takata, na waliokwenda kutafuta chuoni hawakukuta kumbukumbu yoyote ya Usui kufanya kazi pale. Nilipomuuliza, alicheka akasema ndivyo alivyofundishwa na yeye. Sikumlaumu, ila tangu hapo kila nililoambiwa nililichukua kwa tahadhari.

Baada ya historia inakuja ile shughuli ambayo bila hiyo, kwa mujibu wao, huwezi kuwa mtendaji wa Reiki. Unakaa kwenye kiti, macho umefumba, viganja vimekutana kifuani. Mwalimu anazunguka nyuma yako, anachora alama hewani juu ya utosi, anakugusa mabega, anapuliza mikononi. Ikiisha unaambiwa njia ya nishati imefunguka na haitafungwa tena maisha yako yote. Mwenzangu mmoja alilia. Mwingine aliona rangi ya zambarau. Mimi nilisikia upepo wa pumzi ya mwalimu, basi. Niliambiwa hilo nalo ni sawa, na hapa niseme wazi kwamba nilikereka: jambo ambalo kila jibu lake ni sahihi halipimiki.

Kazi yenyewe ya mikono ndiyo iliyonishangaza. Ukiwa umelala unadhani anayekuhudumia hafanyi kitu. Simama wewe sasa, viganja juu ya tumbo la mtu, dakika tano bila kusogea. Mabega yanapanda yenyewe, kiwiko kinatetemeka, na mkono ukichoka unaanza kumlemea aliyelala bila wewe kujua. Mwalimu alipita akinigonga begani kila niliponyanyua. Alitufundisha kusimama miguu imeachana kidogo, magoti yamelegea, na kuvuta kiti unapofika kichwani, na kuondoa mkono mmoja kwanza, wa pili ukifuata, ili mtu asishtuke. Tulifundishwa kunawa mikono kabla na baada, kukata kucha, kutogusa kifua wala nyonga za mtu bali kuacha viganja hewani. Kwa jicho langu huu ndio uliokuwa moyo wa mafunzo, ingawa uliitwa maandalizi.

Kisha kuna kuhisi. Unapitisha kiganja juu ya mwili wa mtu taratibu, na mahali unaposikia joto, baridi au kama sindano ndogondogo ndipo unapokaa zaidi. Nilizisikia kweli. Jioni nyumbani nikaweka viganja juu ya mto wa kitandani, umbali uleule, muda uleule, na sindano zikaja vilevile. Ukielekeza mawazo yote kwenye kiungo kimoja, hisia hujitokeza hata kama mbele yako hakuna mtu.

Kuna jaribio maarufu linalohusu jambo hili. Lilichapishwa mwaka 1998 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na aliyelibuni ni Emily Rosa, binti aliyekuwa bado shule ya msingi. Halikuhusu Reiki yenyewe bali tiba ya mguso, ambayo nayo inadai kuhisi nishati ya mwili kwa viganja. Watendaji 21 walipitisha mikono chini ya kizuizi wasione chochote, wakaulizwa mkono wa binti uko juu ya mkono wao upi. Katika majaribio 280 walipatia 123, yaani asilimia 44. Hata kwa kubahatisha tu ungetarajia nusu. Kwa upande wa Reiki, kituo cha serikali ya Marekani kinachochunguza tiba mbadala kinasema haijathibitika wazi kwamba inafaa kwa tatizo lolote la kiafya, na kwamba haina madhara yanayojulikana. Hata hivyo zipo hospitali, Marekani na Uingereza, zinazowapa wagonjwa wa saratani Reiki kuwatuliza, matibabu yao yakiendelea kama kawaida. Kwa mtu aliyechomwa sindano wiki nzima, mkono usiomuumiza si kitu kidogo.

Hatari iko kwa mtu, haiko kwenye viganja. Niliwahi kujaribu Reiki ya mbali kwa simu, kwa mtendaji ambaye sitamtaja. Mimi nimelala kwangu, yeye yuko kwake. Alipomaliza akanitangazia kwamba ini langu limeziba na nishati haipiti, nahitaji mfululizo wa vikao, na ni vyema nilipie vyote kwa pamoja. Ini langu sikuwahi kulitaja. Sikurudi kwake. Nchi nyingi hazina sheria maalumu inayombana anayejiita mtaalamu wa Reiki. Cheti anakitoa mwalimu, na wapo wanaopanda mpaka ngazi ya juu kwa video za wikiendi moja. Kwa hiyo muulize amejifunza kwa nani na kwa muda gani, ana bima au hana, na atakwambia nini ukimweleza kwamba una uvimbe. Jibu lolote lisilokupeleka hospitali, chukua viatu vyako uondoke.

Wengi huuliza kama ni dini. Hakuna mungu anayetajwa wala ibada ya kuhudhuria, lakini ile shughuli ya kiti na alama ina sura ya ibada, na maaskofu Wakatoliki wa Marekani mwaka 2009 walielekeza kwamba taasisi zao zisiitoe wala kuihamasisha. Anayeona jambo hilo ni zito aamue akiwa analijua.

Kilichobaki kwangu ni mazoezi ya kujifanyia mwenyewe. Mwalimu alitutaka tuyafanye siku 21 mfululizo, kwa kufuata zile za mlimani, pamoja na maneno matano ya Usui: kwa leo tu usikasirike, usihangaike, shukuru, fanya kazi yako kwa bidii, watendee watu wema. Ninaweka mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni, nimelala, taa imezimwa. Inanisaidia zaidi kuliko simu niliyokuwa nikiitazama saa hiyohiyo.

Daraja la pili sikuchukua. Linafundisha alama tatu na Reiki ya mbali, na kwa kuwa ile ya mbali nimeshaionja, pesa yangu nimeiweka. Kwa yule mama wa kwanza naendelea kwenda, hasa kazi zikinizidi. Ukitaka kujaribu, omba nafasi ya jioni na usile kushiba kabla, maana kutoka pale ukarudi moja kwa moja ofisini ni kazi bure, utasinzia mezani.