Kupeleka satelaiti ya mawasiliano: wanaanga waende nayo au roketi peke yake?

Mi safari zenye watu ndo zinanigusa zaidi. Novemba 1982 Columbia, chombo cha anga cha Marekani kinachobeba watu na mizigo, ilipanda na wanaanga 4 wakaachia satelaiti 2, SBS-3 na Anik C3 ya Kanada, zinazungushwa kwanza kama pia ya kuchezea ili zisiyumbe alafu springi inazisukuma nje, baadae injini ya satelaiti yenyewe ndo inaipandisha mpaka kilomita 36,000 hivi maana Columbia yenyewe haikuweza kufika huko. Na ikizingua mtu yupo! Februari 1984 Palapa B2 ya Indonesia na Westar 6 injini zao zilifeli, Novemba mwaka huohuo wanaanga wa Discovery, chombo kingine kama Columbia, wakazifuata wakazidaka wakazirudisha duniani zote mbili, roketi gani ingeweza hivyo?

Roketi kama Ariane ya Ulaya haina mtu ndani, ikifeli umepoteza mzigo na hela basi. Lakini Challenger, nayo chombo kama Columbia, ilipolipuka Januari 1986 walikufa watu 7, na kwenye mzigo kulikuwa na satelaiti ya mawasiliano. Kwa hiyo hata kama safari zenye watu zinanigusa, kwa kupeleka tu naenda na roketi, watu waitwe kwenye kuokoa, kama 1992 wanaanga 3 walivyoidaka satelaiti ya Intelsat kwa mikono.