Matairi ya kahawia: sugua kwanza, dawa baadaye (uzoefu wangu)

Kama matairi ya gari lako yanabaki ya kahawia hata likitoka kuoshwa, usikimbilie dawa ya kung'arisha. Tafuta kwanza sabuni ya matairi na brashi ngumu. Hivyo ndivyo vilivyonirudishia weusi. Dawa niliyopaka juu yake, CarPro PERL, naipenda sana na nitaendelea kuinunua, lakini ilikuja kumalizia kazi ambayo brashi ilikuwa imeshaifanya. Nimevitumia kipindi cha vumbi na kipindi cha mvua, kwa hiyo nazungumzia kitu ninachokijua.

Wengi wetu tunadhani ule ukahawia ni vumbi au tope. Vumbi limo, na unga wa breki pia umo: pedi na diski zikisuguana hutoa chembe za chuma, chembe zikatua kwenye tairi, zikipata unyevu zinashika kutu. Lakini sababu kubwa imo ndani ya mpira wenyewe. Hewa ina ozoni kidogo, na ozoni hiyo hukata minyororo ya molekuli za mpira, hasa mahali mpira unapovutika na kukunjika. Zile nyufa nyembamba za ubavuni mara nyingi huanza hivyo. Ili kuuzuia uharibifu huo, watengenezaji huchanganya kwenye mpira kemikali za kinga, na inayotumika zaidi ni 6PPD. Kemikali hii haitulii. Inasafiri polepole kutoka ndani ya tairi kuja juu, inakutana na ozoni kabla ozoni haijaugusa mpira, na ikishamaliza kazi yake inaacha utando wa kahawia. Gari linapotembea, ubavu unakunjika na kunyooka, na kinga nyingine inazidi kupanda juu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu linabadilisha namna ya kuitazama kazi nzima. Ukahawia ni dalili kwamba tairi linajilinda, na utarudi tu. Yeyote anayekuuzia chupa kwa ahadi kwamba tairi halitageuka tena rangi hakuelezi ukweli. Tena weusi wenyewe haujaenda popote. Mpira wa asili si mweusi hata kidogo. Matairi ya magari ya zamani yalikuwa meupe-meupe, na ndiyo sababu Bibendum, yule mtu wa matairi wa Michelin aliyezaliwa 1898, ni mweupe mpaka leo. Masizi ya kaboni yalipoanza kuchanganywa kwenye mpira wa matairi katika miaka ya 1910, tairi likawa jeusi na likawa gumu kulika. Masizi hayo yamo ndani ya mpira wote, kuanzia juu hadi chini. Ukiutoa utando, unakuta weusi ule ule ulionunua.

Sasa sabuni. Ninayotumia ni ya alkali, imeandikwa wazi kwamba ni ya matairi na mpira. Sabuni ya kawaida ya kuoshea bodi ya gari imetengenezwa iwe laini ili isiondoe nta kwenye rangi, na kwa upole huo huo haiwezi kuung'oa utando wa tairi. Sabuni kali ya kazi zote, ile ya kuchanganya na maji, nayo inafaa ukifuata kipimo kilicho kwenye chupa, ila inataka kusugua zaidi.

Brashi iwe ya nyuzi ngumu za nailoni, fupi, yenye mpini unaoshikika vizuri hata mkono ukiwa na povu. Brashi ya waya weka mbali kabisa, inakwaruza mpira. Vaa glavu, maana alkali inakausha ngozi. Tairi liwe limepoa na gari liwe kivulini, vinginevyo sabuni inakaukia juu ya mpira na kwenye rimu na kuacha madoa.

Namwagia maji kwanza ili mchanga utoke. Kisha napulizia sabuni ubavu mzima, nasubiri kidogo bila kuiacha ikauke, halafu nasugua kwa mzunguko. Hapa ndipo utaona kitu cha kukushangaza kama hujawahi kufanya. Povu linatoka jeupe kwenye chupa, brashi ikipita mara mbili tatu linageuka kahawia iliyokolea, zito, na linatiririka kwa michirizi kutoka kwenye herufi za jina la tairi. Herufi hizo zilizoinuka, ile mifereji ya duara, na ukingo unaokutana na rimu ndiko uchafu unakojificha. Ukisugua katikati ya ubavu tu utabaki na pete ya kahawia karibu na rimu, na itaonekana hata kwa mbali. Nasuuza, napulizia tena, nasugua tena. Mzunguko wa pili povu linakuwa la kijivu-kahawia. Naacha pale tu povu linapobaki jeupe hadi mwisho. Tairi likikauka, pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na kahawia, bado.

Mara ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, na usikate tamaa. Kama tairi limepakwa dawa za mafuta kwa muda mrefu, kuna tabaka juu ya tabaka za silikoni zilizonasa vumbi katikati yake. Utalijua tabaka hilo kwa povu: sabuni inapogusa ubavu wa namna hiyo, povu halisimami, linazama na kuteleza kama limemwagwa juu ya mafuta. Endelea tu. Likianza kusimama, umefika kwenye mpira. Baada ya hapo, kila uoshaji unaofuata ni mzunguko mmoja mwepesi, labda miwili.

Tairi jipya nalo lioshwe hivyo hivyo. Kiwandani, kalibu inayolipa tairi umbo lake hupakwa kilainishi ili tairi lisigande ndani, na mabaki yake hubaki ubavuni yakikusanya vumbi. Matairi mapya ninayoyaosha kabla ya kuyapaka chochote yanakaa meusi muda mrefu zaidi kuliko yale yaliyopakwa dawa juu ya kilainishi hicho. Tofauti inaonekana.

Kupaka dawa juu ya tairi la kahawia ni kama kupaka rangi juu ya ukuta unaomenyeka. Siku hiyo linang'aa, na baada ya siku chache utando wa chini unajitokeza, safari hii ukiwa umechanganyika na vumbi jipya. Nimeona watu wakilaumu dawa nzuri kwa kosa hilo.

PERL ni dawa ya maji, si ya mafuta ya petroli, na inapunguzwa kwa maji kulingana na kazi: kwa matairi kampuni inaelekeza sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 1 ya maji, na kwa plastiki za ndani ya gari hupunguzwa zaidi. Mimi hutumia kipimo hicho cha nusu kwa nusu. Tairi lazima liwe kavu, na hapa nasisitiza, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye mifereji yanaipunguza dawa na kuacha mabaka. Naiweka kwenye sponji, si moja kwa moja kwenye tairi, kisha naipaka nyembamba, nikiingiza sponji hadi ndani ya herufi. Naiacha kama dakika 15, halafu napitisha kitambaa kikavu cha maikrofaiba kuondoa kilichozidi. Kufuta huku wengi hukuruka, na ndiko kunakoamua kama dawa itarukia bodi au la.

Matokeo ni weusi wa tairi jipya dukani, uliotulia, usio na ule mng'ao wa majimaji. Ukipitisha kidole, kinatoka kikavu. Kwangu hilo ndilo jambo kuu kuliko mwonekano, kwa sababu ubavu mkavu haukamati vumbi. Baada ya barabara ya vumbi, vumbi linakaa juu juu na linaondoka kwa maji matupu. Ukitaka kung'aa zaidi kidogo, acha tabaka la kwanza likauke kabisa kisha ongeza la pili, nyembamba vile vile.

Dawa za mafuta, zile za kunatanata zinazofanya tairi lionekane limelowa, nilizitumia miaka ya nyuma na sitazirudia. Zinapendeza sana dakika ya kwanza. Kisha gari likianza kukimbia, mafuta yaliyozidi yanarushwa na mzunguko wa gurudumu na kutua nyuma yake, kwenye milango na ukingo wa chini wa bodi, kwa matone madogo meusi ambayo maji peke yake hayayatoi. Kufika jioni ubavu umeshakamata vumbi na umegeuka rangi ya udongo. Kuna makopo ya povu ambayo hupulizwa na kuachwa bila kufuta chochote. Ni ya haraka kweli, lakini povu hilo halisugui, na uchafu mwingi unabaki pale pale chini yake.

Kuhusu dizeli, petroli na oili chafu: naomba sana, usiyapake. Najua tairi lililopakwa dizeli linakuwa jeusi papo hapo. Mafuta ya petroli hupenya kwenye mpira, huuvimbisha na kuulainisha, na hukokota nje zile kinga zilizowekwa kiwandani. Unanunua weusi wa siku moja kwa uhai wa tairi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na tindikali za kusafishia rimu nazo zisiguse mpira.

Dawa yoyote iishie ubavuni. Sehemu inayokanyaga barabara usiipake, kwa sababu utelezi wake utaukuta kwenye kona au wakati wa kufunga breki. Ukimwaga kwenye diski ya breki, safisha kabla ya kuondoka. Na kwa pikipiki usipake kabisa: pikipiki inapolala kwenye kona hukanyaga ukingo wa tairi, na ukingo huo ukiwa na dawa, mwendeshaji anaanguka.

Mvua ndiyo mtihani. Dawa za maji za aina hii hazigandi kwenye mpira kama rangi, kwa hiyo kila mvua na kila kuosha huchukua kidogo. Kipindi cha mvua napaka mara nyingi zaidi, na nimekubali hivyo, kwa sababu inatoka taratibu na sawasawa, bila mabaka. Siongezi dawa juu ya tairi chafu hata kama nina haraka. Bora nilisugue na kuliacha bila dawa. Tairi lililosuguliwa vizuri, lisilopakwa chochote, ni jeusi la kufifia kidogo, na binafsi naliona linapendeza kuliko la kunatanata.

Jambo jingine linalonigusa ni maji ya kuoshea. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walibaini kwamba 6PPD ikikutana na ozoni inazaa kemikali inayoitwa 6PPD-kwinoni, na kwamba ndiyo iliyokuwa ikiwaua samaki wa samoni aina ya koho kwenye vijito vinavyopokea maji ya mvua kutoka barabarani. Sehemu kubwa ya sumu hiyo hutoka kwenye chembe za tairi linalolika barabarani, si kwenye ndoo zetu. Hata hivyo, sasa kwa kuwa najua, siachi povu la kahawia litiririke kwenye mtaro unaokwenda mtoni. Naoshea mahali ambapo maji yanaingia kwenye mfumo wa majitaka.

Faida ambayo sikuitegemea ni kwamba ukisugua ubavu kwa mikono yako unaliona tairi. Unaona mkwaruzo wa ukingo wa barabara, uvimbe mdogo, msumari. Unasoma tarehe yake pia: baada ya herufi DOT kuna mfululizo unaoishia kwa tarakimu 4, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu, itabidi uiname na tochi. Zisome hasa unaponunua matairi yaliyotumika, kwa sababu dawa ya kung'arisha huliweka tairi kuukuu kwenye mwonekano wa jipya na kuficha nyufa nyembamba.

Kama umesugua hadi povu limebaki jeupe, tairi limekauka vizuri, na ubavu bado ni wa kijivu wenye nyufa zinazofunguka ukiubonyeza, usinunue sabuni nyingine wala PERL kwa ajili yake. Pesa hiyo iweke kwenye tairi jipya, na hilo jipya lioshe siku ile ile linapofungwa, kabla vumbi halijashika kile kilainishi cha kiwandani.