TAHADHARI: Muuzaji wa spea za "Raleigh orijino" kwenye magrupu ya Tabora na Kigoma

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya baiskeli ya Tabora na Kigoma akitangaza fremu, foko, ringi na "seti kamili" za baiskeli za zamani za chuma, hasa Raleigh. Jina lake hatuliandiki, maana linabadilika kila anapobadilisha laini. Mbinu zake hazibadiliki, na mzigo wake unafanana kiasi kwamba fundi akifungua boksi anajua limetoka wapi.

Mteja wa Kigoma anaambiwa duka liko Tabora, jirani na stesheni. Mteja wa Tabora anaambiwa mzigo uko Ujiji, unasubiri treni. Kati ya miji hii miwili kuna zaidi ya kilomita 400 za reli, na umbali huo ndio mtaji wake: nani atapanda treni usiku kucha kwenda kukagua kikombe cha ekseli? Bei yake iko chini mno. Anataka nusu ya pesa kwa simu "ili mzigo ufungwe", kisha nusu iliyobaki pamoja na ya kutolea kabla hajakupa namba ya parseli. Wapo wasiopata kitu kabisa. Wengi wanapata kitu, na hao ndio tunaowaandikia zaidi, kwa sababu kitu chenyewe kikifungwa kinaharibu baiskeli iliyokuwa nzima.

Tuanze na vikombe vya ekseli ya krenki, yaani vile vinavyofungwa pande mbili za fremu na kushika ekseli ya pedeli, maana hapo ndipo wengi wanaumia. Fremu nyingi za zamani za Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza, zina thredi (mistari ya skrubu) zake zenyewe: thredi 26 kwa inchi. Vikombe vya kawaida vya Kiingereza, ambavyo ndivyo vinavyojaa madukani, vina thredi 24 kwa inchi. Kipenyo kinakaribiana sana, kwa hiyo kikombe cha 24 kinaingia mizunguko miwili au mitatu kwenye fremu ya 26, kisha kinakaza. Huyu bwana anamwambia mteja, "kimekaza kwa sababu ni kipya, weka oili, piga spana." Usipige. Ukilazimisha, kikombe kinakata thredi za fremu, na fremu ikishapoteza thredi haina tena cha kushikilia. Siku mbili tatu krenki inatulia, halafu inaanza kuyumba, na unakuta kikombe kimejifungua chenyewe njiani.

Kupima si kazi ngumu. Chukua rula yenye alama za inchi, iweke juu ya thredi za kikombe, uhesabu migongo ndani ya nusu inchi. Ikiwa 12, hiyo ni 24. Ikiwa 13, hiyo ni 26. Kama macho yanachoka, tafuta kikombe ambacho una hakika nacho, ulaze thredi juu ya thredi mbele ya mwanga. Zikifanana zinaumana kama meno bila kuacha upenyo. Zisipofanana utaona mwanga unapita katikati. Muuzaji wa kweli hachukii kukupigia picha ya kipimo hicho. Huyu ukimwomba anakujibu kwamba "Raleigh zote ni sawa", au anakutumia picha ya boksi tu.

Pima pia upana wa bomba la ekseli, lile fupi la chini ya fremu ambamo ekseli ya krenki inapita. Saizi ya kawaida ni milimita 68, lakini Raleigh za thredi 26 mara nyingi ni 71 au 76. Ekseli ya bomba la 68 ukiiweka kwenye la 76, koni zake hazifiki mahali pake, na hakuna marekebisho yatakayozifikisha. Kwa hiyo hata vikombe vikiwa sahihi, ekseli inaweza kukukataa. Na mkumbuke kikombe cha upande wa cheni kina thredi ya kushoto: kinafunguka kwa kuzungusha upande ambao vingine vinafungwa. Vikombe vingi vizuri vimevunjwa kingo kwa kusahau hilo, kisha mwenye baiskeli akaingia sokoni kutafuta vipya ambavyo hakuvihitaji. Kama cha zamani hakina mashimo kwenye njia ya gololi, kiacheni mahali pake, badilisheni gololi peke yake: gololi za robo inchi, 11 kila upande zikiwa huru. Pakiti za muuzaji huyu zina gololi 9 ndani ya kizimba cha bati, na kizimba hicho kikikatika kinasaga njia yote.

Thredi 26 haiishii kwenye krenki. Shingo ya foko ya Raleigh nayo ni 26, wakati nyingine nyingi ni 24. Akikuuzia foko bila nati yake ya juu na kikombe chake cha kuzungusha, jua unanunua mtihani. Nati ya 24 kwenye shingo ya 26 inashika kwa ncha tu. Ikiruka ukiwa umebeba gunia la mkaa kwenye mteremko, usukani unalegea mikononi. Foko inunuliwe na nati zake zikiwa zimefungwa juu yake, au isinunuliwe.

Sasa kotapini, pini inayobana krenki kwenye ekseli. Raleigh na krenki nyingi za Kiingereza zinatumia kotapini ya milimita 9.5. Zipo za milimita 9, na hizo ndizo anazoweka kwenye mifuko yake. Nusu milimita inaonekana ndogo, ila pini ya 9 inacheza ndani ya tundu, na kila ukikanyaga inapiga ukuta wa tundu. Utasikia "ko" moja kila mzunguko. Ukiendelea na safari wiki moja, tundu linakuwa yai, na hapo hata pini sahihi haitatulia. Krenki ndiyo imekwisha. Zaidi ya hayo pini zake ni chuma laini, ubapa wake unajikunja mara ya kwanza ukikaza nati. Ukipata pini sahihi, usiivute kwa nati, maana thredi zake ni ndogo na zitakatika. Ibane kwa jeki au kwa bana ya mezani. Ukikosa, weka bomba zito chini ya krenki lisimame sakafuni, ugonge pini kwa nyundo, kisha nati iishikilie tu. Kaza upya baada ya safari ya kwanza ya mzigo. Pini mbili zielekee pande tofauti, la sivyo krenki hazitakuwa kwenye mstari mmoja.

Upande wa magurudumu anacheza na neno "28". Ukimwuliza ringi ya saizi gani, anajibu "ishirini na nane" na kweli hadanganyi, ila 28 ziko zaidi ya moja. Baiskeli ya kubebea mizigo yenye breki za vyuma inatumia 28 x 1 1/2, ambayo kwenye tairi imeandikwa 635. Ipo 28 nyingine nyembamba iliyoandikwa 622. Tofauti ni milimita 13 za kipenyo. Tairi ya 622 haipandi kwenye ringi ya 635 hata uiombe. Ya 635 kwenye ringi ya 622 inapanda kirahisi sana, halafu ukijaza upepo inachomoka na tyubu inapasuka. Kwa hiyo msiulize inchi, ulizeni namba ya tarakimu tatu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lililokuwa kwenye ringi hiyo.

Matundu ya spoku myahesabu wenyewe kwenye picha. Mtindo wa zamani wa Kiingereza ni spoku 32 mbele na 40 nyuma. Baiskeli nyingine ni 36 mbele na 36 nyuma. Yeye anatuma ringi mbili za 36 kwa mtu mwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya 40, halafu anasema fundi "atajua la kufanya". Fundi hana la kufanya hapo. Na kama baiskeli yenu ni ya breki za vyuma, ringi lazima iwe ile yenye mgongo wa kati na mabega mawili yaliyoinama, kwa sababu mpira wa breki unashika upande wa ndani wa ringi, unaotazama habu. Ringi yenye ubavu bapa imetengenezwa kwa breki za kamba. Ukiifunga kwenye breki za vyuma mpira unakosa pa kushika, na baiskeli ya kubeba dagaa kule Kigoma kutoka Kibirizi kupanda na kushuka Mwanga haiwezi kwenda bila breki.

Habu za gia tatu za Sturmey-Archer ni chache huku, na kwa uchache wake anazipandisha bei. Habu ya AW, ambayo ilianza kutengenezwa 1936, mara nyingi ina muhuri wa mwaka na mwezi kwenye ganda lake. Muhuri unakuambia umri wa ganda, haukuambii kilichomo ndani. Akisema "imefanyiwa sevisi", mwambie arekodi video gurudumu likizungushwa kwa pedeli. AW nzima iko kimya kwenye gia ya kwanza, na inatoa tiki-tiki kwenye ya pili na ya tatu. Ikiwa kimya kwenye zote tatu, vidole vya ndani vinavyotoa hiyo tiki-tiki vimekwama au vimevunjika. Anazozituma zimejazwa grisi nzito hadi kwenye tundu la oili, na grisi hiyo ndiyo inayogandisha vidole. Ndani ya AW panatakiwa oili nyepesi.

Fremu nazo. Rangi mpya inayong'aa na stika ya Raleigh kichwani havithibitishi kitu, stika inachapishwa popote. Pitisha sumaku ndogo taratibu kwenye kila bomba. Ikishika vizuri kisha ikalegea ghafla, pale kuna puti chini ya rangi. Tazama kwa makini nyuma ya bomba la kichwa, upande wa chini: fremu iliyogonga mbele inakunjika hapo na kuacha kiwimbi. Maungio ya asili yameunganishwa kwa shaba ndani ya soketi, ukingo wake ni safi. Ukiona tuta la kuchomelea kwa umeme juu ya soketi, ufa umefichwa, na chuma kitakatika pembeni mwa tuta hilo. Mwisho chukua uzi, ufunge kwenye sikio la fremu linaloshika ekseli ya gurudumu la nyuma upande mmoja, uzungushe bomba la kichwa, urudi sikio la pili. Pima umbali wa uzi hadi bomba la kiti kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita 2, fremu imepinda.

Kuna jingine zito zaidi ya pesa. Baadhi ya fremu anazotangaza namba yake imesagwa kwa jiwe la grainda kisha ikapakwa rangi nene. Sababu nzuri ya kusaga namba haipo. Baiskeli ya wizi ikikutwa kwako, wewe ndiye wa kujieleza polisi. Fremu au baiskeli nzima nunueni ana kwa ana, muandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, namba ya fremu iandikwe kwenye karatasi pamoja na jina kamili la muuzaji. Huyu hajawahi kukubali sharti hilo.

Kwa spea za kutumwa, muombeni yeyote picha tatu siku hiyo hiyo: kipuri kikiwa juu ya rula, thredi kwa karibu, na kipuri hicho hicho kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe uliyomtajia wewe. Anayemiliki kitu anapiga picha hizo dakika tano. Kama una ndugu au fundi unayemfahamu mji ule, akakague yeye, pesa itoke mkononi mwake.

Mliokwisha kulipa, hifadhini ujumbe wote wa muamala na mazungumzo, msifute hata matusi. Namba yake itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha mkaripoti kituo cha polisi mkiwa na risiti ya parseli. Na kama boksi limeshafika, msifunge kipuri chochote kabla ya kupima. Kikombe kilichokwisha kulazimishwa kitoeni taratibu, mafuta ya taa kwanza, nusu mzunguko kwenda na robo kurudi, ili vipande vya chuma visizidi kukwangua. Safisheni thredi za fremu kwa brashi ya waya, mjaribu kikombe cha zamani cha 26 kwa vidole bila spana. Kikiingia zaidi ya nusu kwa mkono, fremu imepona.