RFM95W kwenye nodi za shambani: redio nzuri, tatizo ni ikikesha

Nimekuwa naitumia hii moduli ya redio ya RFM95W ya HopeRF, inayotumia LoRa (njia ya kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo) (ndani kuna chipu ya SX1276 ya Semtech) kwenye nodi (vifaa vidogo vya betri) za shamba la nyanya huku Kibaha, baadhi zinapima unyevu wa udongo na nyingine zinafungua valvu za dripu. Riviu nyingi naona zinaisifia umbali tu, imefika kilomita ngapi, sijui imepenya ukuta gani, wakati mtu wa betri swali lake la kwanza ni ikiwa imetega sikio inakula kiasi gani.

Maana wengi wanadhani kutuma ndo kunamaliza betri. Sawa, kutuma kwa nguvu zote za 20 dBm kunavuta kama 120 mA, lakini nodi ikituma kipimo chake ni milisekunde kadhaa imemaliza inalala. Kusikiliza kunavuta karibu 11 mA, unaona ni kidogo, ila nodi ya valvu haijui amri itakuja saa ngapi kwahiyo ukiiacha inasikiliza usiku na mchana. Piga hesabu, 11 mA kwa masaa 24 ni 264 mAh, betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya 1500 mAh haimalizi hata siku ya sita, na hapo sensa hujaigusa.

Kinachonifanya niipe nyota nne ni CAD, yaani uwezo wa kuchungulia hewani kwa muda mfupi. Redio inaamka, inachungulia hewani kama kuna mawimbi ya LoRa, haina kitu inarudi kulala. Ukiwa SF7 (SF ndo inapanga kasi, namba ikipanda ujumbe unaenda polepole ila mbali) na upana wa 125 kHz simboli moja ni milisekunde 1.024 na kuchungulia kunahitaji kama simboli mbili, weka na muda wa kuamka, jumla kama milisekunde 3. Ukifanya hivyo kila sekunde 2, redio pamoja na kontrola (chipu inayoongoza nodi) ikiwa macho zinavuta kama 15 mA kwa huo muda mfupi, wastani wake ni 22 µA au 23 hivi (µA elfu moja ndo 1 mA). Ongeza kama 5 µA za kontrola yangu, ATmega328P, iliyolala huku watchdog (saa yake ya ndani ya kuiamsha) inahesabu, kwa siku hata 1 mAh haifiki! Betri itachoka kwa uzee wake.

Na usije ukatumia RSSI (kipimo cha nguvu ya mawimbi) badala ya CAD eti ndo rahisi, LoRa inasomeka hata ikiwa chini ya kelele za hewani kwahiyo RSSI itakwambia kimya wakati unaitwa.

Sasa gharama haijapotea, imehamia kwa anayetuma. Kama nodi inachungulia kila sekunde 2 basi geitiwei (redio kuu inayotuma amri) lazima itangulize priambo, yaani mlio wa kuita kabla ya ujumbe, ndefu kuliko hizo sekunde 2, la sivyo itaita nodi ikiwa imelala. Kwa SF7 mimi naweka simboli 2400, kama sekunde 2.46, kwasababu watchdog ya ATmega saa yake sio ya kuaminika, inaweza kuchelewa hata asilimia 10, na joto la mchana nalo lina mambo yake. Rejista ya priambo (sehemu ya chipu unapoandika urefu wake) inaenda mpaka simboli 65535 kwahiyo nafasi ipo. Kitu ambacho watu wanaruka: upande wa kupokea nao uweke urefu uleule wa priambo, datashiti ya Semtech imesema wazi, ukiacha ile 8 inayokuja nayo unapata nodi leo inasikia kesho haisikii na unaanza kulaumu antena bure.

Wazo lenyewe ni la zamani, watafiti Polastre, Hill na Culler walilitoa na B-MAC, utaratibu wa redio za sensa kuamka na kusikiliza, mwaka 2004, na ugonjwa wake ndo huohuo tunaougua: ukiita nodi moja zote zinaamka na kukaa macho mpaka priambo iishe, wastani kama sekunde 1.2 kila moja kwa 11 mA, ndo zigundue haziitwi. X-MAC, utaratibu mwingine wa 2006, ilitibu hilo kwa kukata priambo vipande vyenye anwani, asiyehusika analala mapema. Kwenye RFM95W hicho kitu hukipati bure, unakiandika mwenyewe. Kwangu amri ni chache kwa siku kwahiyo nimeacha.

Ila usipande SF ovyo. SF12 simboli moja ni milisekunde 32.768, yaani kila kuchungulia ni mara 32 ya SF7, betri inaisha mapema zaidi kwa ajili ya umbali ambao shamba la ekari kadhaa halihitaji.

Moduli yenyewe kama kifaa ina kero zake. Miguu imeachana milimita 2 badala ya 2.54, haiingii kwenye bredibodi, lazima utafute adapta au uunge nyaya. Mwisho wake ni 3.7 V, usiiunganishe moja kwa moja na lithiamu ya 4.2 V. Na duka nililonunua walinipa antena ya 433 MHz na moduli ya 868 MHz, nikaitupa nikakata waya wa sm 8.2, kazi imeisha.

Pro Mini (bodi ya Arduino inayobeba hiyo ATmega328P) nayo ukiiacha na ile taa yake ya pawa hizi hesabu zote ni bure, taa peke yake inakula kuliko redio inayochungulia. Bandua taa, toa na regyuleta, lisha moja kwa moja kutoka LiFePO4, na zima brown-out (kinachochunga voltiji isishuke) wakati wa kulala.

Ukipima, multimita kwenye skeli ya µA itakudanganya: ndani ina rezista, redio ikiamka voltiji inaanguka, nodi inajizima na kuwaka upya, wewe unasoma namba za ajabu. Weka rezista ya ohm 10 na osiloskopu, 15 mA inaonekana kama 150 mV, unaona kabisa kimlima kila baada ya sekunde 2.

Kama amri yako inaweza kusubiri robo saa achana na haya yote, tumia LoRaWAN (mtandao uliojengwa juu ya LoRa) kwa mtindo wa Class A, nodi ikishatuma inafungua sikio sekunde 1 baadae na tena sekunde ya 2, basi. Na kama ndo unaagiza leo na hela inaruhusu chukua moduli yenye chipu ya SX1262 ya Semtech, inasikiliza kwa kama 4.6 mA na ina amri ya SetRxDutyCycle, redio inalala na kuamka yenyewe, kontrola inaguswa tu ujumbe ukiingia. Mguu wa BUSY (unaoiambia kontrola kama redio bado ina kazi) tu usisahau kuuunga.