The Raven Boys: kitabu cha Marekani kilichonielezea ndagu (uchawi wa kutafuta mali) bila kulijua hilo neno

Nimekimaliza juzi usiku na bado hakijanitoka, ngoja niandike kabla hakijapoa. Kinaitwa The Raven Boys, kimeandikwa na dada wa Kimarekani Maggie Stiefvater, kilitoka 2012 na ndo cha kwanza kati ya vinne. Mi nilikipata kwa kijana anayetandika vitabu vya mtumba chini pale Mwanza mjini, buku sita, kurasa za mwanzo zilishawahi kulowa ila zinasomeka, nikakifungulia kwenye meli ya Nansio nikijua ni hivi vya vijana vya mapenzi na uchawi, nitasoma kidogo usingizi unichukue maana ule mwendo ni masaa matatu na zaidi. Sikulala.

Iko hivi. Kuna binti wa miaka 16 anaitwa Blue, anakaa kamji kadogo huko Virginia, nyumba yao imejaa wanawake watupu, mama ake, mama mdogo, marafiki wa mama, na wote kazi yao ni kutazamia, wengine kwa karata, wengine kwa kuangalia ndani ya bakuli la maji, watu wanakuja na hela zao wanaambiwa mambo yao. Blue peke yake hana hicho kipaji, ila akikaa karibu na mwenye nacho basi cha mwenzie kinapanda nguvu. Na tangu mdogo kila aliyemtazamia kamwambia kitu kimoja hichohicho, kwamba siku atakayombusu mpenzi wake wa kweli, huyo mpenzi atakufa. Sasa kila mwaka usiku wa tarehe 24 Aprili wanaenda kwenye gofu la kanisa, roho za watu watakaokufa mwaka huo zinapita pale na Blue kazi yake kuandika majina tu, haoni chochote. Mwaka huu kamwona mmoja. Kijana, kavaa sweta la shule ya matajiri. Anaulizwa jina anasema Gansey. Mama mdogo aliyekua nae anamwambia, mtu asiye na kipaji akiona roho usiku huu sababu ni mbili tu, ama huyo ndo mpenzi wako wa kweli, ama wewe ndo uliyemuua.

Hapo nilifunga kitabu nikaangalia ziwa kwanza.

Basi huyo Gansey tunakuja kukutana nae akiwa hai, tajiri, mpole, ana gari bovu la rangi ya machungwa analolipenda kuliko kitu, na anamtafuta mfalme wa Wales anaitwa Glendower, ambae ni mtu wa kweli kwenye historia, aliwaasi Waingereza kuanzia 1400 na hakuna anayejua kazikwa wapi. Kwenye kitabu wanaamini amelala tu na atakayemuamsha atapewa ombi moja lolote. Gansey ana rafiki zake watatu wa shule, ndo hao wanaoitwa vijana wa kunguru, kwasababu nembo ya shule yao ni kunguru.

Wote wazuri ila mi moyo wangu umebaki kwa Adam. Huyu ni maskini katikati ya matajiri, anasoma kwa ufadhili ambao hautoshi, anajazia mwenyewe, gereji, kiwandani, anaendesha baiskeli usiku kurudi nyumbani ambako baba ake anampiga. Gansey anamwambia kila siku njoo ukae kwangu na yeye anakataa, si kwamba hapendi, anaogopa akishakubali basi atakua mtu wa Gansey maisha yake yote. Jamani hili nalijua. Nimesoma na wavulana waliokua wanabeba magunia ya dagaa Mwaloni Kirumba usiku, asubuhi wako darasani na harufu ileile, na ukimwambia mmoja chukua hii nauli anakwambia ninayo na unajua kabisa hana. Sijawahi kuona mtu kakiandika kile kitu kwa heshima hivi. Kuna sura moja ya Adam na baba ake, siisimulii, ila nilisimama nikaenda nje nikarudi.

Af sasa uchawi wenyewe, na hapa ndo nataka mtu wa kanda ya ziwa anisikilize. Kuna mstari wa nguvu umepita chini ya ardhi ya ule mji, umelala, na kuuamsha kunataka kafara. Kuna mwalimu pale shuleni, familia yake ilikua na pesa zikaisha, na miaka saba iliyopita akiwa bado mwanafunzi alimuua rafiki yake mwenyewe ili aupate ule utajiri na ile nguvu. Haikufanikiwa. Na anataka kujaribu tena.

Hiyo ni ndagu. Neno hilo mwandishi hatakua analijua lakini hicho ndo alichokiandika, mtu anaambiwa au anajiambia kwamba mali iko kwenye damu ya mwenzie. Mi nimekulia Sengerema. Anayepafahamu anajua ile sanamu ya chuma, baba kambeba mabegani mwanae mwenye ualbino, mama anamvalisha kofia, na majina ya waliotendewa unyama yameandikwa pale. Miaka ile ya 2007, 2008 tulikua na mwenzetu shuleni ana ualbino, baba ake alikua anamleta kwa baiskeli na kumsubiri getini mpaka kengele ya mwisho, af muhula mmoja hawakurudi, walihama. Kwahiyo niliposoma kuhusu yule mwalimu sikusoma kama hadithi ya majini. Kilichonifanya nikiheshimu hiki kitabu ni kwamba aliyeuawa hageuzwi kuwa kifaa cha stori. Ana jina, ana utani wake, alikua na gari analoringia, ana watu wanaomkumbuka, na muuaji hapewi huruma ya bure eti alikua maskini, maana Adam nae ni maskini zaidi yake na yuko palepale kwenye kurasa hizohizo.

Na mwandishi hajawachanganya watazamiaji na wauaji pia. Wale kina mama wa karata hawauzi ramli chonganishi, hawamtaji mtu kwamba ndo mchawi wako, ambayo huku imeua vikongwe wetu wenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Ila kuna mmoja humohumo ndani anavuka mpaka, na mwandishi anakuonyesha polepole jinsi anavyovuka.

Mapenzi yapo ila msije mkitarajia mabusu, kwa ule utabiri mtaelewa kwanini. Ni kushikana mikono, maua, simu ya usiku, na kwakweli ilinitosha.

Sasa kasoro. Kurasa mia za kwanza ni nzito, majina yanamwagika, na Kiingereza chake ni cha kuzungukazunguka, mwanafunzi wa fomu two atahitaji kamusi na subira. Huyo muuaji tunaonyeshwa mapema, kwahiyo anayependa upelelezi wa kukisia mwisho hilo halitampa raha, ingawa kuna siri nyingine moja imefichwa waziwazi mbele yako muda wote na nilipoigundua nilirudi nyuma kusoma upya sura tatu. Na mwisho unakatika ghafla mno, Ronan, mmoja wa wale rafiki watatu wa Gansey, anasema sentensi moja, kitabu kimeisha, wewe umekaa tu na maswali.

Nakipa nne na nusu kati ya tano. Mdogo wangu wa miaka 15 ameshakianza. Mi natafuta cha pili, The Dream Thieves, kwa yule kijana hakuna nimeshauliza mara mbili, mwenye nacho hapa Mwanza aniambie hata kama ni cha kuazima wiki moja, nakifuata mpaka Igoma.