Bendi Moja, Majina Manne: Nachambua Mp3tag na foobar2000 kwa Maktaba ya Muziki Wako

Wadau, habari zenu. Kabla sijasema lolote tazameni hapa kwenye skrini. NUTA Jazz. JUWATA Jazz. OTTU Jazz. Msondo Ngoma. Kijana akifungua maktaba hii ataona bendi nne. Mzee wangu akiiona ataniuliza kwa nini nimeikatakata bendi yake, maana hii ni bendi ileile iliyoanza mwaka 1964, ikawa inabadili jina kila jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki ilipobadilika. Kompyuta haijui hayo. Inajua kilichoandikwa kwenye tagi tu, yale maandishi yaliyomo ndani ya faili la wimbo.

Leo nachambua programu mbili kwa mpigo: Mp3tag ya kurekebisha tagi, na foobar2000 ya kupanga na kupiga muziki. Zote mbili ni za bure kwenye Windows. Nimeziweka pamoja kwa sababu watu wengi wanazitumia pamoja, halafu wanashangaa: amesahihisha jina huku, kule bado linasoma la zamani. Au linabadilika, lakini nyota alizokuwa ameupa ule wimbo zimepotea. Hapo ndipo nataka tukae leo.

Kwanza tuelewane tagi iko wapi. Faili la MP3 lina muziki, na pembeni ya muziki kuna maandishi: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, hata picha ya kava. Hayo yamo ndani ya faili lenyewe, ukilihamishia kwenye flashi yanakwenda nalo. Programu ya maktaba, foobar2000 ikiwemo, inayasoma na kujiwekea nakala kwenye kanzidata yake ili ukitafuta wimbo isianze kufungua mafaili elfu moja moja. Ni kama duka: bidhaa ziko rafuni, na mwenye duka ana daftari. Mtu akibadilisha kitu rafuni bila kuandika kwenye daftari, au akiandika kwenye daftari tu bila kugusa rafu, mahesabu ya jioni hayatalingana.

Hili limeshanikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa natumia programu nyingine, sitaitaja. Nilikaa wiki nzima nikisahihisha nyimbo zilizotolewa kwenye kaseti za mzee. Majina yakanyooka, makava yakakaa vizuri. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa inabaki kwenye kanzidata ya programu, haifiki kwenye mafaili. Diski ilipokufa, nilikuwa na nakala ya muziki lakini sikuwa na nakala ya kanzidata. Nilipofungua mafaili kwenye kompyuta nyingine, yamerudi vilevile, "Track 01", "Track 02". Iliniuma, kwa sababu baadhi ya majina alinitajia mzee mwenyewe tukiwa tumekaa barazani, wimbo mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo tangu siku ile programu naipima kwa swali moja: nikisahihisha kitu, kinaandikwa kwenye faili?

Mp3tag jibu lake ni ndiyo, moja kwa moja. Haina maktaba kabisa. Unaburuta folda, unaona orodha, unabadilisha, unabonyeza Ctrl na S, imeandika kwenye faili. Basi. Inatengenezwa na Mjerumani mmoja, Florian Heidenreich, kwa miaka mingi sasa, na inaonekana imetengenezwa na mtu anayejali. Ipo ya Mac pia, ila ile ni ya kulipia.

Tazameni. Nachagua nyimbo zote za hii bendi. Upande wa kushoto kuna visanduku. Kwenye "Artist" sigusi kitu, naacha palipoandikwa "keep", ili kila wimbo ubaki na jina la bendi la wakati uliporekodiwa. Nikiifuta NUTA niandike Msondo kila mahali nitakuwa napotosha historia. Nashuka kwenye "Albumartist", yaani msanii wa albamu, hapo naandika Msondo Ngoma kwa zote. Ctrl S. Umeona? Kwenye foobar2000, orodha ya albamu ukiipanga kwa msanii inafuata hiki kisanduku cha msanii wa albamu kwanza, kikiwa kitupu ndipo inachukua cha msanii. Sasa zote nne zinakaa chini ya jina moja, na ukifungua ndani kila wimbo una jina lake la asili.

Angalizo kubwa: kwenye hivyo visanduku kuna "keep" na kuna "blank". Hiyo ya pili inafuta. Ukiwa umechagua nyimbo 800 ukaikosea hiyo, umefuta 800. Fanya kazi kwenye nakala kwanza, tafadhali.

Jambo la pili ni lile linalotukera sote. Umepakua wimbo wa bongo fleva mtandaoni, kila kisanduku kimejazwa jina la tovuti. Jina la msanii, mkwaju (/), jina la tovuti. Albamu, jina la tovuti. Kava lenyewe ni nembo ya tovuti, msanii haonekani! Kwa Mp3tag hii ni kazi ya dakika moja. Unatengeneza kitendo cha kutafuta na kubadilisha, unakiambia kipite visanduku vyote, kila kitakapokuta yale maneno kiondoe. Kitendo kinabaki pale, wiki ijayo unakitumia tena. Na kama tagi ni tupu ila jina la faili limeandikwa vizuri, msanii, kistari, wimbo, bonyeza Alt na 2, mwambie mpangilio ni %artist% - %title%, itajaza yenyewe.

Kuna mtego kwenye nyimbo za kushirikiana. Kwenye foobar2000 ukitaka wasanii wawili wahesabike kama wawili, unawatenganisha kwa nukta mkato. Kwenye Mp3tag alama hiyo haina maana hiyo, kule unaweka mikwaju miwili ya kurudi nyuma, hii hapa: \\. Ukiandika nukta mkato ndani ya Mp3tag, foobar2000 itakuja kuona msanii mmoja mwenye jina refu lenye nukta mkato katikati. Nimeona watu wakihangaika na hili wakidhani maktaba imeharibika. Haijaharibika, ni programu mbili zenye lahaja mbili.

Haya, foobar2000 yenyewe. Ilitoka mwishoni mwa 2002, mtengenezaji ni Peter Pawlowski, aliyewahi kufanya kazi na watu wa Winamp, ile programu ya zamani ya kupiga muziki. Ni nyepesi kiasi kwamba kompyuta kuukuu inaimudu bila tabu. Sura yake ni kavu, nakubali, na menyu zote ni za Kiingereza. Lakini kwenye suala letu inanifurahisha. Unaionyesha folda ya muziki, inaichunga. Ukisahihisha kitu kwa Mp3tag, kwa kawaida inagundua yenyewe. Isipogundua, chagua nyimbo, bofya kulia, nenda "Tagging", kuna "Reload info", inasoma upya kutoka kwenye faili. Na ukisahihisha ndani ya foobar2000 yenyewe inaandika kwenye faili, haibaki na siri.

Ila wimbo ukiwa unapigwa, usiuguse kwa Mp3tag. Faili linaweza kuwa limeshikwa na Mp3tag itakwambia haiwezi kuandika. Simamisha muziki kwanza.

Sasa nyota na hesabu ya mara ulizosikiliza. Hapa sikilizeni vizuri. Vitu hivi foobar2000 inavitunza kupitia kijalizo chake cha takwimu, yaani programu ndogo ya nyongeza, na kwa mpangilio wa kawaida vinakaa kwenye kanzidata, si kwenye faili. Kijalizo kinautambua wimbo kwa mambo matano: msanii, albamu, namba ya diski, namba ya wimbo na jina la wimbo. Ukibadilisha moja kati ya hayo ukiwa ndani ya foobar2000, takwimu zinafuata. Ukibadilisha ukiwa nje, kwa Mp3tag, kijalizo kinaona wimbo mgeni. Nyota zinabaki kwa marehemu jina la zamani. Watengenezaji wenyewe wanalisema hili wazi kwenye maelezo yao, ila nani husoma maelezo?

Ndiyo maana ule mfano wa Msondo ulikuwa salama: msanii wa albamu hayumo kwenye yale matano. Mwaka haumo, aina ya muziki haimo. Hivyo badilisha kwa Mp3tag bila wasiwasi. Lakini ukitaka kusahihisha jina la wimbo au la msanii na wimbo una nyota zako, fanya hivi. Anzia foobar2000, bofya kulia, kwenye menyu ya takwimu mwambie aziandike kwenye tagi za faili. Halafu nenda Mp3tag ufanye usahihishaji wako. Rudi, soma upya, kisha mwambie aingize takwimu kutoka kwenye tagi. Safari inarefuka kidogo, lakini nyota sasa zimo ndani ya faili.

Kidogo kuhusu redio za magari, maana nazo zinasoma tagi. Tagi za ID3, ndio mfumo wa tagi wa mafaili ya MP3, toleo la kwanza, la mwaka 1996, zilikuwa baiti 128 mwishoni mwa faili, na jina la wimbo halizidi herufi 30. Mafaili mengi ya zamani yanazo hizo pamoja na zile mpya, na wakati mwingine zinapingana. Mp3tag ina safu inayokuonyesha faili lina zipi. Ukiandika kwa Mp3tag bila kubadili mipangilio, inatumia toleo la 2.3, na hilo redio nyingi kuukuu zinalielewa kuliko 2.4. Liache hivyohivyo.

Nani asijisumbue na mchanganyiko huu? Mwenye kusikiliza kwa simu tu kupitia huduma za mtandaoni. Lakini kama una kaseti za nyumbani zilizogeuzwa mafaili, taarab za harusini, kwaya ya kanisani kwenu, vitu ambavyo havipo kwenye huduma yoyote, basi hakuna atakayekuandikia tagi hizo. Ni wewe na wazee wako walio hai. Mimi kwa kazi hiyo naipa Mp3tag alama zote, na foobar2000 naipunguzia kidogo kwa lile la takwimu, lingepaswa kukaa kwenye faili tangu mwanzo.

Sasa nawaomba kitu. Hii folda hapa, za enzi za JUWATA, nina nyimbo 11 ambazo kisanduku cha "Composer" ni kitupu. Mzee anawakumbuka waimbaji, watunzi hana uhakika nao. Nitapiga kila wimbo sekunde chache tu. Ukimtambua mtunzi, niandikie hapo chini, nami nitamweka kwenye faili. Huu wa kwanza...