Ford na marupurupu yaliyorudishwa: nyota tatu kwa tano, na moja kati ya hizo ni ya mgomo

Rivyu za magari mmezisoma nyingi, injini inavuta vipi, inakula mafuta kiasi gani, siti za ngozi au kitambaa. Leo napima kitu kisichouzwa shoruumu: kile kifurushi cha marupurupu ambacho Ford ya Marekani iliwakata wafanyakazi wake kwenye mdororo wa uchumi wa 2008 alafu ikaanza kuwarudishia. Manake kampuni ikirudisha kitu ilichokata yenyewe inataka ipigiwe makofi, na mimi makofi natoa nikishaona nini kimerudi, kimerudi kwa nani na lini.

Kwa haki yao, hali ilikuwa mbaya kweli. 2008 peke yake Ford ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 14. Wenzao ndo kabisa, Chrysler iliingia mahakama ya kufilisika mwisho wa Aprili 2009 na GM ikafuata tarehe 1 Juni, wote wameshikiliwa na pesa ya serikali. Ford ilikwepa kwa sababu mwishoni mwa 2006, Alan Mulally akiwa ndo kwanza kaingia ukurugenzi, walishakopa zaidi ya dola bilioni 23 na kuweka rehani karibu kila walichonacho, viwanda, hataza, mpaka ile nembo yao ya bluu. Kwa hiyo walipowaambia watu wafunge mkanda hawakuwa wanaigiza, ukata ulikuwepo, na Mulally mwenyewe na mwenyekiti wa bodi Bill Ford walikubali kukatwa mshahara asilimia 30. Hapo sina neno.

Sasa kilichokatwa. Watu wa ofisini, wale wa mshahara wa mwezi, walitangaziwa Novemba 2008 kwamba mwaka unaofuata hamna nyongeza ya mshahara kwa utendaji, hamna bonasi, hamna msaada wa ada kwa anayesoma, na ule mchango wa kampuni kwenye akiba ya uzeeni, 401(k), unasimama. Watu wa kiwandani, wanaolipwa kwa saa chini ya chama chao cha UAW, wao walipiga kura Machi 2009 wakaachia bonasi zao, wakaachia ule mpango wa kuwalipa waliokosa kazi kiwanda kikipunguza uzalishaji, na wakaachia posho ya kupanda kwa gharama za maisha. Hiyo posho ikumbuke, nitarudi kwayo.

Faida ikarudi haraka kuliko wengi walivyotegemea, dola bilioni 2.7 kwa mwaka 2009, na 2010 ilipoingia ofisini kukachangamka: nyongeza za mshahara zimerudi, msaada wa ada umerudi, mchango wa 401(k) umerudi. Kwa kasi nawapa nyota nzima bila ubishi, kuna kampuni zikishakata kitu ndo umekiaga.

Ila hebu tuangalie huo mchango wa 401(k) kwa karibu kidogo maana ndo watu wanaushangilia sana bila kupiga hesabu. Unavyofanya kazi ni kwamba wewe unakatwa sehemu ya mshahara inaenda kwenye akiba, kampuni inaongezea yake juu, na pesa yote inanunua hisa na hatifungani inakaa miaka na miaka mpaka uzeeke. Sasa kampuni ilisimamisha kuongezea lini? 2009. Na hisa Marekani zilifika chini kabisa lini? Machi 2009! Tuseme kwa mfano tu kuna mtu alikuwa anaongezewa dola 150 kwa mwezi, ile 150 ya Machi ingenunua hisa za kampuni kubwa pale pale zilipokuwa zimelala, Desemba mwaka huo huo ingekuwa inakaribia 240, na hapo hujaongeza miaka mingine 20 ya kukua. Kwa hiyo kampuni iliacha kununua bei ilipokuwa ya kutupa ikarudi bei ilipokuwa imeshapanda, na malimbikizo ya ule mwaka hayakulipwa. Bomba lililofungwa limefunguliwa, sawa, lakini maji ya mwaka mzima yamepita na hamna aliyekinga ndoo. Mtu akikwambia "tumerudishiwa" muulize amerudishiwa kuanzia leo au kuanzia siku aliyokatwa.

Na hapo bado naongelea wale wenye bahati, kiwandani ndo kulikuwa na moto.

Wale wa kiwandani walipokubali makato waliahidiwa kitu kimoja kwenye makubaliano, kwamba mzigo unabebwa sawa, juu mpaka chini, kila mtu anaumia kwa kiwango chake. Sasa 2010 wanaangalia, wenzao wa ofisini nyongeza imerudi, akiba imerudi, ada zimerudi, wao posho yao iko wapi? Kimya. Chama kikafungua malalamiko rasmi dhidi ya kampuni kwa hoja hiyo hiyo, kwamba mmevunja usawa wa kubeba mzigo, na mimi hoja yao naiona haina shimo hata moja, kama mlilia pamoja mbona mnacheka nusu? Tena kumbuka ni watu hao hao ambao vuli ya 2009 kampuni ilienda kuwaomba waachie vitu zaidi wakapiga kura ya hapana, na kura yenyewe haikukaribiana hata kidogo. Waligoma kulegea mapema, wakaonekana wabishi, kumbe wanaona mbali.

Kwa upande wa pili sitaki kuwanyima Ford sifa yao. Faida ya 2010 ilikuwa dola bilioni 6.6 na mwanzoni mwa 2011 watu wa kiwandani zaidi ya 40,000 walipata mgao wa wastani wa dola 5,000 kila mmoja, hiyo ni hela ya maana, mtu anamaliza deni anabaki na chenji. Mkataba wa 2011 ukaweka kanuni nyepesi kabisa ambayo naipenda hata leo, kila dola bilioni moja ya faida ya Amerika Kaskazini inamletea mfanyakazi kama dola 1,000. Huhitaji mhasibu, unasoma gazeti unajua mfukoni kinaingia nini. Nyota ya pili hiyo.

Lakini mgao sio mshahara jamani. Mgao unakuja mwaka mzuri, mwaka mbaya haupo, na hauingii kwenye ile hesabu ya saa yako ya kazi. Kampuni wanajua hilo vizuri sana ndo maana wanapenda kutoa bonasi kuliko kupandisha mshahara. Mkataba ule ule wa 2011 wakongwe hawakuongezewa senti kwenye kiwango cha saa, wakapewa dola 6,000 za kusaini, basi, wakangoja mpaka mkataba wa 2015 kuona asilimia 3. Na mwaka ule wa 2010 Mulally alipata kifurushi cha dola milioni 26.5. Najua aliokoa kampuni, sijakataa, ila ukiwa umesimama kwenye mstari wa kuunganisha magari miaka yote hiyo, saa yako ina bei ile ile, unaisoma namba hiyo vipi?

Hapo sijagusa wale wapya. Mkataba wa 2007 ulishaleta madaraja mawili, mgeni anaanza na kama dola 14 kwa saa, nusu ya anachopata mkongwe anayefunga nati upande wa pili wa gari hilo hilo. Hana pensheni ya zamani, hana bima ya afya ya ustaafuni. Hiki ndo kipengele kibovu kuliko vyote kwenye rivyu hii manake hawa hawakukatwa kitu, walizaliwa wamekatwa, kwa hiyo siku ya kurudisha hawamo hata kwenye orodha.

Sasa ile posho. Posho ya gharama za maisha kazi yake ni kwamba bei zikipanda mshahara unapanda wenyewe bila kumlamba bosi miguu. 2009 waliiachia na miaka kama kumi hivi haikuuma sana kwa sababu bei zilikuwa zimetulia. Alafu ikaja 2022, Juni mfumuko wa bei Marekani ukagonga asilimia 9.1, na posho haipo. Ndo watu wakagundua walichoachia kilikuwa mwavuli, wakati huo mvua ndo inanyesha.

Kilichofuata mnakijua. Tarehe 15 Septemba 2023 UAW chini ya rais wao Shawn Fain wakagoma kampuni zote tatu kubwa kwa mpigo, jambo ambalo halikuwahi kutokea, wakianza na kiwanda kimoja kimoja ili kampuni isijue kesho inafungwa wapi. Ford walianza Wayne, Michigan, alafu tarehe 11 Oktoba wakafunga kile cha malori cha Kentucky chenye watu 8,700, kinachoiingizia kampuni hela kuliko vyote. Wiki mbili baadaye makubaliano yakapatikana. Mshahara juu asilimia 25 mpaka 2028, asilimia 11 inaanza hapo hapo, posho imerudi, na mgeni anafika kiwango cha juu kwa miaka 3 badala ya 8. Nyota ya tatu naitoa kwa hili ila naiandika kwa jina la waliosimama na mabango, sio la kampuni, kwa sababu ofisini vitu vilirudi kwa tangazo na kiwandani vilirudi kwa mgomo, miaka 14 baadaye.

Nyota mbili nimebana. Moja ni ya malimbikizo, maana ile miaka ya katikati imekwenda na maji na hamna anayeizungumzia. Nyingine ni ya pensheni, walioingia baada ya 2007 waliiomba kwenye mgomo hawakuipata, wakaongezewa mchango wa akiba mpaka asilimia 10 ya mshahara. Sio mbaya, asilimia 10 wengi wetu tungeidaka kwa mikono miwili, ila hisa zikianguka anayeumia ni mzee mwenyewe. Mkataba unaisha mwisho wa Aprili 2028, na nina uhakika hiyo pensheni itarudi mezani, nikiona kilichotoka nitakuja kubadilisha nyota.